Mimi ni Mzee wa Nani

Umoja,
4 Oktoba 1992

Mpendwa mwanangu Kweyu,

Pokea salamu zangu na za mama yako. Sisi huku tu wazima, ila goti la mama yako linamsumbua asubuhi kukiwa na baridi. Wewe je, kifua kimepoa? Na kazi ya kiwandani inakwendaje?

Barua hii nimempa dada yako Everline kwa sababu anapita karibu na kwako kila siku akienda kuuza mboga Kayole, na kwa sababu nikija mwenyewe tutagombana kabla sijaketi. Dada yako ameniambia kwamba kila Jumapili mkitoka kanisani unakaa barazani kwa jirani yako Zedekiah mpaka jioni, mkizungumza siasa. Kwamba humpelekea gazeti. Kwamba mbele za watu unamwita "mzee wangu".

Zedekiah namfahamu tangu tukiwa vijana Majengo. Wakati sisi tukisukuma mikokoteni Gikomba, yeye alikuwa juu ya magunia anatusimulia habari, na watu walimpenda kwa hilo. Sisemi ni mtu mbaya. Lakini tangu uhame hapa hujakula mezani kwangu, na gazeti hujaniletea hata kipande cha kufungia sabuni.

Kama yeye ndiye mzee wako, mimi ni mzee wa nani?

Ni mimi baba yako,
Patrobas

Kayole,
11 Oktoba 1992

Kwa Baba mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Mwambie goti alikande na maji ya moto. Kifua changu kimepoa, ila vumbi la kiwandani halijaisha. Nimefurahi kuona mwandiko wako, ingawa sikufurahia yote uliyoandika.

Baba, mimi nilianza kwako. Ule mwaka wa kupiga kura ya mlolongo, watu wakisimama nyuma ya wagombea na kuhesabiwa mchana kweupe, nilikuwa kidato cha pili. Ulirudi nyumbani jioni nikakuuliza ilikuwaje. Ukanituma nikafunge dirisha. Nikauliza tena tukila, ukasema chakula hakiliwi kwa maneno. Nikaacha kuuliza.

Mzee Zedekiah haniambii nimpigie kura nani. Ananiuliza ninaonaje, halafu ananyamaza anisikilize. Tunabishana, anakasirika, kesho yake ananiita tena. Huku wasee wanazungumza madirisha yakiwa wazi na hakuna aliyechukuliwa na polisi. Wakati umebadilika. Karibuni tutapiga kura ya siri, vyama vingi, na ni mara yangu ya kwanza. Nilitamani sana kujua wewe unawaza nini.

Nisamehe kwa neno hili, lakini mimi naona ni woga.

Mwanao,
Kweyu

Umoja,
25 Oktoba 1992

Kweyu,

Hatujambo. Natumai nawe hujambo.

Nimeisoma barua yako. Hilo neno "wasee" sikulijua mpaka Everline aliponieleza ni watu tu, na ukiniandikia mimi andika Kiswahili, si lugha ya stegi ya matatu. Lile neno lingine nalijua. Kama ni woga, basi woga huo ndio uliokulea, ukakusomesha, ukakupa sauti hiyo unayompelekea Zedekiah kila Jumapili.

Endelea na mzee wako.

Baba yako

Kayole,
6 Desemba 1992

Kwa Baba,

Natumai nyote mko salama. Najua nimekaa kimya zaidi ya mwezi. Nilikuwa nimeamua kutoandika tena, mpaka jana.

Jana Everline alipita hapa, akakaa tukanywa chai, akaniambia jambo bila kujua uzito wake. Eti jioni hizi unakaa nje na Mutisya, yule kijana anayefanya kazi ya kuoka mikate, uliyempangisha chumba cha nyuma nilipotoka mimi. Mama huwaletea chai hapo hapo. Mnazungumza siasa. Wewe, Baba, unazungumza siasa mpaka mbu wanawafukuza.

Na eti umemsimulia habari ya mlolongo. Kwamba kampuni yenu ilitaka wafanyakazi wote wasimame nyuma ya mtu mmoja, na mkubwa wako alikuwa pale uwanjani akiwatazama, nawe ukatoka kwenye mstari mrefu ukaenda kusimama kwenye ule mfupi. Kwamba ndiyo maana walikupeleka depo ya Voi, mbali nasi, miaka miwili. Sisi ulituambia umepandishwa cheo. Tulikushangilia. Mama alikupikia kuku.

Nilipoambiwa nilimuuliza Everline kama ana hakika. Akasema Mutisya mwenyewe ndiye aliyemsimulia, tena kwa madaha, kama anayesimulia habari za babake.

Analala kwenye chumba changu. Sawa, nilihama mwenyewe. Anakunywa chai ya mamangu. Sawa. Lakini hiyo habari ilikuwa yangu, Baba. Nilikuomba nikiwa kijana wa shule, nikakuomba tena kwa barua, nawe ukampa mpangaji.

Sikulala vizuri. Hata kwa Mzee Zedekiah leo sikwenda.

Mwanao, kama bado,
Kweyu

Umoja,
13 Desemba 1992

Mwanangu Kweyu,

Salamu za neema. Goti la mama yako lina nafuu, alifuata shauri lako la maji ya moto. Barua yako ilifika, akaisoma yeye kwanza. Akasema wewe na mimi tunagombana kama wake wenza, kila mmoja anachungulia sufuria ya mwenzake. Nilikasirika, kisha nikaenda nje nikacheka peke yangu.

Nitakueleza ilivyokuwa. Baada ya barua yako ile ya woga nilikuwa na hasira, na Mutisya alikuwa amekaa pale nje akimenya viazi. Nikaketi. Nikamwambia yale niliyotaka kukuambia wewe. Yeye hana hasira nami, hakunijua nikimchapa wala nikimkataza. Ni rahisi kuzungumza na mtoto wa mwingine. Nadhani Zedekiah naye analijua hilo. Ana wanawe watatu, na Everline anasema hakuna hata mmoja anayekaa barazani pake.

Habari ya Voi sikuwaambia kwa sababu mlikuwa watoto, na watoto huongea shuleni. Baadaye mkawa wakubwa na nikawa nimezoea kunyamaza.

Wewe ulijiandikisha hapa Umoja kabla hujahama, kwa hiyo utakuja kupiga kura hapa katika ile shule ya msingi. Mutisya, aliyejiandikisha hapo hapo, amesema atawahi aniwekee nafasi kwenye foleni kwa sababu ya miguu yangu. Nawe uje. Usipokuja nitaelewa.

Baba yako,
Patrobas

Kayole,
31 Desemba 1992

Baba mpendwa,

Natumai miguu yako imepumzika baada ya kusimama vile. Mimi ni mzima, wino bado uko kidoleni na siuoshi.

Nataka kuandika yale niliyoshindwa kuyasema juzi. Nilipofika pale shuleni nilikuja kwa amani, nikatafuta mwisho wa foleni ulipo. Kisha nikakuona mbele, karibu na mlango, umemwekea Mutisya mkono begani, mnacheka. Hujawahi kucheka nami hivyo. Miguu ikanipeleka yenyewe. Ulisikia nilichomwambia: "Toka hapo. Hapo nasimama mimi, huyu ni babangu."

Watu walitugeukia. Mutisya alikutazama wewe. Wewe ukatazama chini. Akatoka, akaenda kule nyuma kabisa, na mimi nikasimama mahali pake.

Nilidhani utanifukuza. Badala yake ukaanza kusema, bila kuulizwa. Uliniambia siku ya mlolongo kulikuwa kimya mpaka ulisikia viatu vyako mwenyewe ukivuka uwanja. Uliniambia ulivyomwandikia Mama kutoka Voi na kuzichana barua. Tulipotoka ukaniambia umekipigia kura chama cha zamani, kile kile kinachotawala. Nilishtuka, Baba. Wewe uliyetoka kwenye mstari mrefu. Ukasema nchi ikipasuka ni wenye watoto watakaookota vipande, na mimi sina mtoto bado. Sikubaliani nawe hata kidogo. Lakini nilitembea mpaka Kayole nikiwa na furaha niliyoionea aibu, kwa sababu umeniambia mimi, na Mutisya hajui.

Mwaka mpya mwema kwenu nyote.

Mwanao,
Kweyu

Umoja,
17 Januari 1993

Mwanangu Kweyu,

Salamu kutoka kwangu na kwa mama yako. Tu wazima wa mwili. Mwaka mpya nawe ukutunze.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu kuna jambo lilikuwa halijaisha, na sasa limeisha.

Siku ile ulipomwondoa Mutisya, nilitazama chini ili nisimuone usoni. Nawe usione uso wangu. Nilikuwa nafurahi. Mwanangu amekuja kunigombania mbele ya watu wa mtaa, na mimi mtu mzima nikafurahi kama msichana aliyegombaniwa dansini. Nimemwomba Mungu kuhusu furaha hiyo, na bado nikiikumbuka inarudi.

Mutisya alikuwa na zamu ya mchana. Alifika pale kabla hakujapambazuka ili aniwekee nafasi, apige kura yake, kisha aende kazini. Kutoka kule nyuma hakuweza kuufikia mlango kabla ya zamu. Aliondoka bila kupiga kura. Ilikuwa mara yake ya kwanza kama wewe. Hayo hakuniambia, niliyapata kwa Everline, aliyekutana naye barabarani akielekea Industrial Area, kadi ya kura bado iko mkononi.

Alinisalimu vizuri siku zote zilizofuata, lakini hakukaa nje tena. Nilipomwita chai alisema amekunywa. Jumatano alikuja kuniaga. Amepata chumba Dandora. Nilimsihi abaki, nikamwambia kijana wangu ana hasira za haraka na mimi nilikosa kusema neno lililotakiwa. Alisikiliza mpaka nikamaliza, kwa heshima kama kawaida yake. Kisha akasema, "Mzee, mimi nilidhani tunazungumza. Kumbe nilikuwa nimeshika nafasi ya mtu."

Alibeba godoro kichwani, mama yako akamsindikiza mpaka kwenye lami. Alirudi akiwa amenuna na hajaniambia neno mpaka leo.

Chumba kiko wazi. Sikukuandikia ili urudi ukae, una maisha yako huko. Lakini Jumapili ijayo usiende kwa Zedekiah. Njoo hapa mapema, ule, kisha tutoke mimi na wewe. Siasa tutabishana njiani kama utapenda.

Tunakwenda Dandora. Nyumba yake siijui. Tutauliza mlango kwa mlango.

Ni mimi baba yako,
Patrobas