Usiambulie Hata Nyoya

Saratov, 9 Machi 1952

Dada yangu Kapa,

Mikono yako inaendeleaje? Najua baridi hii inavyokutesa vidole, na najua bado unafua bila glavu. Vaa, tafadhali. Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo inayonisumbua. Barua hii anakuletea Kuzma Yegorovich, mpiga zumari wetu wa pili, anayekuja huko Kostroma kumwona mama yake. Mpe chai na vile vitumbua vyako vya kabichi, maana ni mtu wa tumbo. Ukishaisoma, itie jikoni iungue. Nakusihi, usiiweke pamoja na zile nyingine.

Umeniuliza kama nimeshathibitishwa kuwa mwongozaji mkuu wa okestra, kwa vile mzee Gleb Platonovich amestaafu, na unasema majirani wote umeshawaambia. Jamani Kapa, mdomo wako! Haya, kaa kitako nikueleze.

Mwezi uliopita alikuja bwana mkubwa kutoka Moscow, Ndugu Tyurin, kunisikiliza nikiongoza opera. Mchana wa siku ya onyesho akaniita ofisini. Akanimiminia chai, akaniita Veniamin Artemyevich kwa heshima zote, akasema kazi ni yangu, imebaki saini yake tu. Halafu akauliza, kama mtu anayeulizia sukari, kwa nini zumari la kwanza linapigwa na mtu mwenye jina la ukoo la Kiyahudi kama Gurvich. Nikamwambia ni kwa sababu sijasikia anayempita Faina Gurvich. Akacheka, akasema hakuulizia mapafu yake. Watu wa aina hiyo, akasema, siku hizi hawafai kukaa mbele. Jioni ile nimkalishe Kuzma kwenye kiti cha Faina. Akimwona Kuzma pale, atatia saini. Asipomwona, nisahau ukuu, tena nisahau na mengine.

Nilitoka mle ndani. Nilikufikiria wewe, dada, ulivyoacha chuo cha ualimu ukaenda kufua nguo za watu ili mimi nisome muziki. Koti langu jeusi la jukwaani uliloshona kutoka koti la marehemu baba lilikuwa limening'inia chumbani, nikashindwa hata kulitazama.

Nikamtafuta Kuzma, nikamweleza anachotakiwa kufanya. Akanitazama kama niliyemtukania mama yake, akasema zumari lake leo linaumwa. Faina naye akapata habari, maana kuta za ukumbi ule zina masikio, akanijia juu. Akaniita mpumbavu. Akasema nisijitie ushujaa, yeye atajiondokea mwenyewe na mimi nishike mkate wangu. Moyo uliniuma kusikia hivyo. Nikamwambia akajiandae, tunaanza saa moja.

Sasa fikiria. Nimesimama pembeni mwa jukwaa, kifimbo mkononi. Taa zinazimwa. Mara Tyurin huyo, na wakubwa wa ukumbi nyuma yake. Akanishika bega, akaniambia kwa sauti ya kusikika na wote, "Usiambulie hata nyoya!" Kisha akaniinamia sikioni, akauliza kama viti vimepangwa alivyosema.

Unakumbuka siku ya mtihani wangu wa kwanza wa muziki? Ulinitakia heri kwa maneno hayo hayo mlangoni, nami kwa ujinga wangu nikasema, "Asante, dada." Ulinizaba kofi! Ukanifokea kwamba anayeshukuru anajiharibia bahati, na hukuniachia mpaka nikakwambia uende kwa shetani. Nililia njia nzima, maana sikutaka uende huko.

Basi nikamgeukia Tyurin, nikamtazama machoni, nikasema kwa nguvu zangu zote, "Nenda kwa shetani!"

Watu wakacheka. Mafundi wa jukwaa wakapiga makofi, maana ndivyo inavyojibiwa. Tyurin mwenyewe akatabasamu. Ndipo kutoka shimo la okestra, chini mbele ya jukwaa, ikapanda ile sauti moja ya zumari la kwanza ambayo okestra nzima hujipatanisha nayo. Tyurin akageuza shingo. Kuzma alikuwa amesimama nyuma yetu, anatafuna tufaha. Lile tabasamu likamwisha usoni taratibu. Angesema nani kamtukana? Hakuna. Angelalamika wapi? Nami nikaingia kuongoza, na wallahi sijawahi kuongoza vile.

Kapa, sasa lile ninalolizungukia tangu nianze. Mimi si mwongozaji mkuu, wala si wa pili. Kesho yake asubuhi nilifukuzwa, na Faina pia, kwa hiyo hata sikumwokoa. Tumepata kazi kwenye sarakasi huko Omsk, mimi kuongoza bendi ya tarumbeta, yeye kupiga chochote watakachompa. Farasi, naambiwa, hawachelewi mdundo. Na Alhamisi tulifunga ndoa, kwa hiyo huyo ni wifi yako. Kazi yako yote ya miaka ile nimeitupa kwa neno moja, na kila nikijiuliza kama najuta, najikuta sijuti. Hilo ndilo ninaloliogopa kukuambia.

Msalimie shangazi Glafira, na yule paka wenu mwizi. Kuzma atarudi kabla hatujaondoka. Usimpe pole aniletee, wala lawama. Mpe yale maneno matatu uliyonitakia mlangoni. Nitakujibu kwa sauti, pale pale stesheni, na safari hii sitakuwa namaanisha.

Mdogo wako,
Venya