Nusu Kidonge cha Asubuhi

Uppsala, 9 Machi 1986

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama na mguu umeacha kukusumbua. Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu.

Uliniuliza nasoma nini hasa. Ukuta wa mshipa wa damu una misuli midogo sana, na seli zake kazi yao ni kujikaza na kulegea. Nazitoa kwenye mshipa wa panya, naziweka kwenye kisahani chenye chakula chao. Baada ya wiki hivi zinaiacha ile kazi. Hazijikazi tena vizuri, zinazaana tu na kutengeneza nyuzinyuzi. Hazijafa, zimebadilika tabia. Mshipa wa mtu nao ukiumia, au ukisukumwa na presha miaka mingi, seli zake huweza kugeuka hivyo, na ukuta ukawa mnene.

Ndiyo maana nakusisitizia dawa yako ya presha. Padre anayerudi Musoma amebeba vidonge mia moja na themanini. Kimoja kizima kila asubuhi.

Huku sina mtu wa kumwamkia shikamoo, Baba. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mwanao,
Getruda

Manyamanyama, Bunda, 4 Mei 1986

Binti yangu Getruda,

Marahaba. Sijambo, namshukuru Mungu. Dawa imefika, shangazi yako Ursula kaileta mwenyewe kutoka kwake Kitaji, Musoma. Kalala siku moja, akawahi basi.

Nimecheka sana. Kumbe hata seli zina miradi! Hapa mwalimu anakaanga maandazi, karani anafuga nguruwe, na mimi fundi wa mashine za pamba nashona makobazi ya tairi. Nilikuwaga nikisikia mashine inalia vibaya, najua ugonjwa wake kabla sijaifungua. Sasa kiwanda kinakaa wiki nzima bila dizeli. Hebu niambie, hizo seli zako zinaweza kuirudia kazi yao ya zamani?

Tangu mama yako atutoke, nyumba imekuwa kubwa mno. Lakini siku hizi Keraryo, yule aliyekuwa mlinzi wa geti kiwandani, anapita kila asubuhi tunakunywa chai. Bila sukari, maana nayo ni ya kubahatisha. Usiwe na wasiwasi.

Baba yako

Uppsala, 20 Julai 1986

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Habari za nyumbani, na majirani wote? Mimi naendelea vizuri.

Swali lako ndilo linalomnyima profesa wangu raha. Zikiachwa zitulie, baadhi zinarudi. Nyingine hazirudi, na hatujui kwa nini.

Sasa na mimi nina swali. Shangazi ameniandikia kwamba alikupeleka zahanati, muuguzi akapima presha mara mbili, ikawa mia moja na tisini. Sielewi. Je, unameza kidonge kizima? Profesa anataka nibaki miaka miwili zaidi. Nijibu wewe kwanza, ndipo nimjibu yeye.

Mwanao,
Getruda

Manyamanyama, 7 Septemba 1986

Binti yangu,

Marahaba. Mimi mzima kabisa. Dawa nakulaga kila asubuhi, sikosi. Kile kipimo cha zahanati kimezeeka kuliko mimi.

Mwambie profesa ndiyo. Usikatishe masomo kwa ajili ya mzee mmoja.

Baba yako

Uppsala, 18 Januari 1987

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Hujambo? Nauliza kweli, maana barua zangu mbili hujazijibu, na sijui kama dawa niliyotuma Oktoba imefika.

Nilimwambia profesa ndiyo, kama ulivyotaka. Jumapili baada ya ibada naenda maabara kuangalia visahani, hata kama havihitaji kuangaliwa. Angalau pale kuna kitu kilicho hai. Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao,
Getruda

Manyamanyama, 22 Machi 1987

Binti yangu Getruda,

Marahaba. Mwandiko huu si wangu. Anaandika Benedikta wa jumuiya yetu, na nimemwambia aandike kila neno, asinipambe.

Novemba nilianguka mlangoni. Upande wa kulia haunisikii. Nilimkataza shangazi yako asikwambie.

Nilikudanganya. Kidonge nilikuwa nakikata kwa wembe, nusu yangu, nusu ya Keraryo. Naye ana presha, na dawa hazipatikani. Hapa hata kipande cha sabuni kinagawanywa, ningemezaje kizima mwenzangu ananitazama? Hivyo ndivyo nilivyowaambia watu, wakanisifu kwa roho nzuri.

Wewe nakwambia ukweli. Nusu ile ndiyo ilikuwa inamleta kila asubuhi. Akishameza anakaa, anasimulia habari za sokoni, na mimi nasikia sauti ya mtu ndani ya nyumba. Niliogopa nikimnyima, hatakuja tena.

Dawa ya pili ilifika Desemba, mimi niko kitandani. Nikamwambia Keraryo achukue wembe akate. Akakataa. Akasema nimeze vyote mwenyewe. Nikajua basi, huyo ndiyo ameshaondoka.

Kesho yake alikuja. Anakuja kila siku, mapema kuliko zamani, ananivalisha shati, tunakunywa chai.

Na ile niliyokuandikia kwamba ubaki huko, nayo ilikuwa uongo.

Baba yako