Injili Iliyotoka Kwenye Kaseti

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Dada yangu, bibi yako, ameniambia goti lake limepona, nimeshukuru.

Unauliza kwa nini baba yangu, aliyekwisha kukataa, aliniruhusu kuingia utawa huu, ulioanzishwa na padre na sista waliotaka Injili ihubiriwe kwa vitabu na redio. Redio za watu binafsi ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza. Masista wa utawa huo walituletea kaseti ya Injili nyumbani Kisesa.

“Kaseti si ya dansi hiyo?” baba akacheka.

Injili ilipoanza akasimama, nasi tukasimama, kama kanisani. Ikaisha. Kanisani padre hufunga kitabu, nasi tunakaa. Hapa hakukuwa na wa kufunga kitabu, tukabaki tumesimama, tukitazamana.

“Waliobuni jambo hili walisemaje, mwanangu? Tukae?”

“Sijui, baba.”

“Basi nenda ukajue.”

Nimezeekea ugenini, Neema, na bado sijui.

Bibi yako,
Sista Yustina