Wanataka Kulikata Gari Langu

S.L.P. 1187,
Kakamega.

Jumatano, 14 Agosti 1996.

Mpendwa kaka Protus,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini barua hii itakukuta wewe, shemeji na watoto mkiwa wazima huko Francistown, na kwamba lile joto ulilolilalamikia limepungua. Sisi tunaendelea kwa rehema za Mungu. Mama anausikia mguu wake wakati wa baridi, lakini ndiye aliyevuna mahindi kabla ya majirani wote pale Lubao, na amesisitiza nikuandikie hivyo.

Nilitaka kukuandikia nikiwa nimetulia. Nimengoja nitulie, nimeona sitatulia, basi naandika hivi hivi.

Kaka, nilinunua gari. Najua utaisoma sentensi hiyo mara ya pili, kwa kuwa mimi ni yule yule anayengoja barabara iwe tupu kabisa ndipo avuke kwenda sokoni. Tena si gari la kawaida. Ni gari la mbio la Kijapani, la mtumba, jekundu, lenye milango miwili, limelala chini kama mjusi juani. Tangu siku zile wewe nami tulipokuwa tukisimama kando ya barabara tukipigwa vumbi na magari ya Safari Rali, sijawahi kutamani kitu kingine namna hiyo. Sinywi, sivuti, Jumapili niko kanisani. Nilionelea nijipe kitu kimoja kisichokuwa cha busara.

Hata hivyo nililinunua kwa uangalifu. Muuzaji, Bwana Kibiwott wa Eldoret, alinifungulia kila mlango na kunieleza kila kitu. Injini yake haina kabureta. Petroli na moto vinapimwa na kompyuta, kisanduku kidogo mfano wa Biblia, kilichofichwa chini ya dashibodi. Akanionya, "Bwana karani, hili si gari la kugongwa nyundo. Betri ikilala, ipeleke ikachajiwe. Usiliunganishe na lori, hata kama limekuzimikia msituni Isecheno na nyani wanakucheka." Nililishika neno hilo.

Unaijua mila yetu. Kitu kikubwa cha kwanza anachonunua mpwa, mjomba lazima akione, akiguse, akiombee. Usipompelekea, neno lake la laana likikufuata utaliondoa vipi? Kwa hiyo nililipeleka Matungu kwa mjomba Osundwa.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Mjomba aliomba kwa kirefu, akalinyunyizia maji, akaingia kukaa. Kuingia aliingia, kutoka ilibidi wanaume wawili wamvute mikono. Mke wake, mama Zilpah, alilizunguka gari lote akitafuta mahali pengine pa kukaa.

"Sasa wewe Elkanah," akasema, "siku nikifa mtanibebea wapi? Kwa paja?"

"Utakaa mbele, mama."

"Nikiwa maiti? Nifungwe mshipi?"

Watu wakacheka, nami nikacheka, maana hadi hapo gari lilikuwa bado gari.

Baada ya kula ugali na kuku, obusuma na ingokho yenyewe, mjomba akasema redio ya nyumba haina mawe ya betri, nifungue ya gari tusikilize matangazo ya vifo. Nikafungua. Vifo vikaisha, zikaja habari, zikaja nyimbo za dini. Milango ilikuwa wazi na taa ya ndani inawaka. Nikasema betri itakwisha. Nikarudia kusema. Mjomba akanijibu, "Wacha watu wasikie redio yao." Angalia neno hilo, kaka. Yao.

Asubuhi gari halikuwaka. Tulilisukuma kwenye matope ya njia ya miwa mpaka viatu vyangu vya kazini vikaharibika, halikuwaka. Nilikuwa tayari nimelegeza nyaya ili niipeleke betri Mumias ikachajiwe. Lakini shamba la pili kulikuwa na lori linapakia miwa, na mjomba akampigia dereva wake mluzi.

"Mjomba, naomba tusifanye hivyo," nikasema. "Lori lina betri mbili zilizounganishwa. Nguvu yake ni mara mbili ya hii."

"Si nguvu ndiyo unatafuta?"

"Itaunguza kompyuta."

"Kompyuta iko kwa ofisi yenu. Hii ni gari. Mimi nimewashanga trekta na lori, wewe bado hujazaliwa."

"Muuzaji alinikataza."

"Muuzaji ndiye mjomba yako?"

Dereva akaleta nyaya zake, nami nikazishika kwa mkono. Mjomba akaniangalia tu. Unayajua macho yale. Nikaziachilia, dereva akaziunganisha.

Taa zote za dashibodi ziliwaka kwa pamoja, zikazima kwa pamoja. Ikaja harufu ya plastiki iliyoungua. Dereva wa lori akakunja nyaya zake na kwenda zake bila kuaga.

Ungedhani mtu angesema pole. Mjomba alikaa kitako akatoa hukumu: kwamba nimemletea bomani kitu chenye kiburi, kikakataa baraka zake mbele ya wageni, na kwamba kilichofia kwake hakitoki mpaka nimpe kondoo wa kutakasa boma. Mimi ndiye nilipe, kaka. Wao ndio wasikilizaji wa redio, wao ndio walioita lori, na mwenye kosa ni mimi. Mama Zilpah akaongeza kwamba shule ndiyo iliyoniharibu, kwa sababu mtu aliyesoma angejua kununua gari lenye viti.

Sikiliza jambo lingine linalonichoma. Ofisini kwetu iliwekwa kompyuta mwaka jana. Imefunikwa kitambaa kilichofumwa maua, na anayeingia chumba kile huvua viatu kama Musa mbele ya kichaka. Mkubwa wetu haruhusu hata vumbi lifutwe na mtu asiye na ruhusa. Siku moja mjomba alikuja kuniona, naye alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mjomba huyo huyo. Ya mezani anaivulia viatu. Yangu iliyo garini anailisha betri za lori.

Wala siwasamehe waliolitengeneza. Zamani gari likikohoa, mtu alifungua kabureta, akaipuliza kwa mdomo, akaendelea na safari. Sasa wamechukua akili yote ya gari wakaifungia ndani ya kisanduku ambacho hapa Kakamega hakuna fundi wa kukifungua, kisha wakatuuzia sisi ambao kila gari letu ni la ukoo, la harusi na la hospitali. Hayo nayajua. Lakini nililijua gari nilipolinunua, na nilikuwa nalitunza kama lilivyotaka litunzwe.

Nilimpigia simu Bwana Kibiwott. Alinisikitikia kweli, Mungu ambariki. Anasema yako magari kama langu yaliyoanguka huko Nairobi, na kisanduku kizima kinaweza kutolewa katika moja la hayo. Injini haina shida yoyote. "Mradi asiiguse mtu," akasema.

Sasa ndiyo habari yenyewe. Jumapili nilipata ujumbe kutoka Matungu kwamba mjomba ameshazungumza na fundi Khisa, yule anayetengeneza matrekta. Jumamosi hii Khisa ataing'oa injini yenye kichwa kigumu, atie ya pikapu ya zamani. Na kwa kuwa sehemu ya nyuma haina faida, atalikata paa kwa msumeno na kuchomelea sanduku la kubebea mbolea. Wanasema wananisaidia. Mjomba ametuma neno kwamba nisije na maneno mengi, nije na kondoo.

Nilimweleza Maximilla. Picha ya mchumba wangu nilikutumia wakati wa Pasaka. Ni mwalimu, kwao ni Lugari. Nilitegemea anipe pole. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ukishindwa kumwambia mjomba wako hapana kwa gari, siku akiamua jambo juu yangu utamwambia nini?" Kisha akaendelea kusahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Tangu siku hiyo sijarudi kwake, kwa kuwa ataniuliza tena.

Nilipoanza kuandika, nilikusudia kukuomba wewe mzaliwa wa kwanza umwandikie mjomba, maana wewe anakusikiliza. Lakini nimehesabu. Barua hii ikikufikia, Jumamosi itakuwa imepita zamani, na gari litakuwa ama pikapu ama gari langu. Hakuna mtu wa kutumwa ila mimi.

Kwa hiyo Ijumaa nitakwenda Matungu na trekta la kukodi na kamba. Sitakwenda na kondoo. Nitamsalimu mjomba kwa heshima zote, nitamwambia kwamba gari ni langu na linaondoka, kisha nitafunga kamba mwenyewe. Akinitamkia neno baya, nitalibeba. Nimechoka kuwaogopa watu wanaoniharibia vitu kisha wanidai.

Barua hii naitia posta kesho asubuhi, kabla ya safari, ili nisije nikapata nafasi ya kukuandikia nyingine nikidai nilishikwa na malaria.

Mama anakusalimu sana, na anasema shemeji asiwaache watoto wakasahau Kiluhya. Maximilla naye ungemsalimu ungekuwa hapa. Mimi nitamfikishia salamu zako nikitoka Matungu, hata kama ni kuzunguka mpaka Lugari, nikivuta gari langu. Mungu awafunike kwa mkono wake, awape usingizi mzuri katika nchi ya watu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye siku zote,

Elkanah