Barua Chini ya Mawe ya Ratili

Mpendwa Mama Jentrix,

Naomba msaada wako kabla mwezi huu haujaisha, na kwanza nakusihi usilichape jina langu, maana mimi ni mtu wa duka hapa Kisumu na wateja wangu wanalisoma gazeti hili, wengine wanalisoma wakiwa wameegemea kaunta yangu bila kulinunua. Mtoto wangu nitamwita Gakenia, ingawa silo jina lake. Ukiweza, nijibu kwa sanduku la posta nililoandika nyuma ya bahasha, ufunguo ninao mimi peke yangu.

Mimi ni mtu wa Murang'a. Nilifika hapa mwaka wa 1961 na mke wangu Wamaitha na huyu binti akiwa na miaka saba, tukaanza na gunia moja la maharagwe, leo tuna duka la sukari, chumvi, sabuni, mafuta ya taa na magazeti, na mtoto amekua hapa hapa mpaka akigombana na mtu anagombana kwa Kijaluo. Basi mwezi wa kumi mwaka wa 1969 mambo yakachafuka hapa mjini, watu wa kwetu tukawa tunasakwa, wewe unajua na sina nguvu ya kuyarudia, nasema tu kwamba siku tatu mimi na mke wangu na watoto tulikaa chumbani kwa jirani yetu Mama Adero, muuza samaki, na yeye mwenyewe alikaa mlangoni akiparua samaki wake kama siku zote, na vijana wakija anawaambia, "Hii watoto ni yangu. Mnataka kitu, mnauliza mimi kwanza." Hawakuuliza. Mambo yalipotulia Wamaitha akachukua wavulana wetu wawili akarudi nao Murang'a, na mpaka leo miaka minne hajakanyaga Kisumu, na kila barua anayoandika ina neno moja, nimtoe msichana wake katika mji huu.

Gakenia alikataa kuhama kwa sababu ya shule. Alimaliza kidato cha nne mwaka jana, mwaka huu ananisaidia dukani, na aliomba nafasi katika vyuo viwili vya kusomea taipu na hatimkato, kimoja Nairobi na kimoja hapa hapa Kisumu. Barua ya Nairobi ilikuja mwezi wa nane, amekubaliwa, nami nikaisoma kwa sauti dukani mpaka wateja wakapiga makofi. Yeye alicheka kidogo tu akasema, "Asante Baba, lakini mimi nangoja ile ya Kisumu. Hiyo ndiyo ninaitaka."

Sasa mimi si mtu wa kumtupa mtoto mahali ambapo sijapaona. Nilisafiri kwenda Nairobi kukiangalia chuo, nikafika Jumapili kwa sababu ndiyo siku ninayofunga duka, na binamu yangu Zacchaeus aliye dereva wa lori akanipeleka. Mama Jentrix, nilipenda ile barabara. Maduka yote yamefungwa, hakuna kelele, watu wanatoka kanisani na Biblia mkononi, watoto wamevaa soksi nyeupe, na Zacchaeus ananiambia, "Umeona? Hapa ni pazuri. Hata stesheni ya polisi iko karibu." Nikarudi na moyo mweupe.

Chuo cha hapa kiko ghorofani karibu na stendi ya mabasi. Chini yake ni baa, kando ni mafundi wa baiskeli, na makondakta wanavuta wasichana mikono wakiwalazimisha kupanda mabasi yao. Siku moja ya soko nilipita hapo kuchukua sukari, nikaona kwa macho yangu msichana mwenye vitabu akinyang'anywa mkoba, akakaa kando ya mtaro akalia, na watu wengine wakacheka. Wiki hiyo hiyo nikafungua sanduku la posta, nikakuta barua ya chuo hicho ina jina la Gakenia. Niliifungua pale pale posta. Amekubaliwa, na anatakiwa kujibu kabla ya tarehe thelathini mwezi wa kumi na moja, la sivyo nafasi atapewa mwingine. Nilisimama pale mpaka karani akaniuliza kama nimepata habari za msiba.

Nimeificha, Mama Jentrix. Iko dukani chini ya kaunta, ndani ya sanduku la mawe ya zamani ya ratili, chini ya jiwe kubwa. Tangu tuanze kupima kwa kilo hakuna anayeligusa sanduku lile. Nilijiambia naiweka siku mbili tatu mpaka nifikiri vizuri, sasa ni miezi miwili, na kila nikitoka posta mtoto ananiuliza, "Baba, hakuna kitu?" nami najibu, "Hakuna." Mimi ni mtu wa kanisa. Sikujua uongo unaweza kuwa mfupi hivyo.

Ningevumilia, lakini wiki iliyopita alikuwa akikata kamba ya kifurushi cha magazeti, maana ndiye anayekifungua kila Ijumaa na kulisoma gazeti hili yeye wa kwanza kabla hatujauza, akasema bila kuniangalia, "Labda waliona jina langu, Baba. Labda hawataki jina la watu wetu." Mimi nikaanza kupanga magazeti kwenye kaunta. Na tangu siku hiyo Mama Adero akija jioni kuuliza kama kawaida yake tangu enzi za shule, "Baba Gakenia, nyathi amerudi?" yaani mtoto, akamkuta na kumsalimia kwa Kijaluo, mtoto anamjibu kwa Kiswahili, kwa heshima, kama mtu anayezungumza na mgeni. Mama Adero ameniuliza, "Nimekosea yeye nini?" Nimemwambia mtoto ana malaria.

Nimechoka. Usiku nasikia kila chupa inayovunjika katika mji huu. Nikimpa barua atabaki Kisumu, na likimpata jambo Wamaitha hatanisamehe, wala mimi sitajisamehe. Nikiichoma ataenda Nairobi akiwa salama na hatajua kamwe. Niambie, nifanye lipi?

Ni mimi,
Mwenye duka aliyechoka, Kisumu.

*

Mwenye duka,

Pole. Hiyo pole ni ya kweli, ichukue uiweke, kwa sababu katika barua hii hutapata nyingine.

Hofu yako naielewa. Mtu aliyekaa siku tatu chumbani kwa jirani akisikiliza nyayo nje hawezi kuambiwa kwamba hofu yake ni upuzi, na sitakuambia hivyo. Lakini wewe ni mtu wa mizani, kwa hiyo tupime. Nairobi ulikwenda Jumapili. Bwana, Jumapili hata mwizi huvaa shati safi! Maduka yamefungwa, baa zimefungwa, chuo kimefungwa, hukuona hata mwanafunzi mmoja akipanda ngazi, nawe ukasema mahali ni pazuri. Kisumu ukapita siku ya soko, saa ya msongamano, karibu na stendi, ukasema mahali ni pabaya. Mtu akikupimia sukari hivyo, gunia moja kwa jiwe hili na gunia jingine kwa jiwe lile, ungemfukuza dukani. Halafu Kisumu unaisikia kila chupa inayovunjika kwa sababu unalala humo. Za Nairobi huzisikii. Hiyo haina maana kwamba hazivunjiki.

Nilikuwa mlezi wa bweni la wasichana kwa miaka kumi na tisa, katika mji mkubwa, na nimestaafu nikiwa nimechoka kuliko wewe. Nimewaona wakiishi juu ya baa wakamaliza masomo yao vizuri, na nimewaona wakiharibikiwa katika mitaa yenye maua mlangoni. Msichana mmoja aligongwa na gari akalala hospitalini siku nne, nami nilidhani ameenda kwao, na kwao walidhani yuko kwangu. Siku nne hakuna aliyemtafuta. Mtaa ule ulikuwa safi sana. Tangu hapo mzazi akiniuliza kama mtaa fulani ni salama, namuuliza swali moja tu: mtoto wako akichelewa kurudi, ni nani atakayejua?

Sasa soma tena barua yako mwenyewe. Kuna mwanamke anayekuja kila jioni kuuliza kama mtoto wako amerudi. Umemtaja kama mtu anavyotaja mti ulio uani. Mwanamke huyo alikaa mlangoni siku tatu kwa ajili yenu, na katika barua yote sikuona mahali ulipoandika kwamba ulimwendea ukamshukuru. Badala yake umemwambia mtoto ana malaria. Na kule Nairobi ni nani atauliza? Zacchaeus ni dereva wa lori. Leo yuko Mombasa, kesho Malaba.

Usinielewe vibaya. Sikuambii achague Kisumu. Stendi ile ina wanyang'anyi, uliyoyaona uliyaona kweli, na vicheko vya wale watu vinaniudhi hata mimi niliye mbali. Inawezekana mwenyewe akataka Nairobi, ana miaka kumi na tisa na ni haki yake. Lakini achague akiwa na barua mbili mezani. Wewe umempa moja, na ya pili umeifanya iwe kidonda. Mtoto aliyekulia katika mji huo, anayegombana kwa lugha yake, leo anaamini mji umemkataa kwa sababu ya jina la baba yake. Hakuna mtu Kisumu aliyemfanyia hivyo. Unaogopa anyang'anywe mkoba, na cha kwanza alichonyang'anywa kilichukuliwa na wewe, posta, mchana.

Kwa hiyo usichome kitu. Fanya hivi. Kabla ya kufungua duka, mkalishe mtoto, umpe barua mkononi, useme, "Ilikuja mwezi wa tisa, niliificha, niliogopa." Maneno hayo yanatosha. Usianze na habari za mama yake wala za mwaka ule, hizo zitakuja baadaye. Akilia, mwache alie. Akinyamaza wiki nzima, wauzie watu sukari na umngoje.

Halafu nendeni wote wawili kwenye kile chuo siku ya kazi, saa kumi na moja jioni madarasa yanapotoka, msimame ng'ambo ya barabara. Tazameni wasichana wanatoka mmoja mmoja au kwa makundi, wanapita wapi, na nani anafunga mlango. Usimuulize mkuu wa chuo, atakusifia chuo chake. Waulize wasichana wenyewe ni kona gani wanaikwepa, watakuambia bila kusita. Mwandikie mke wa Zacchaeus afanye hivyo hivyo Nairobi, siku ya kazi, saa hiyo hiyo, na umuulize waziwazi kama yuko tayari kumlaza mtoto kwake na kumtafuta akichelewa. Akisitasita, hilo ndilo jibu. Akichagua Kisumu, abebe vitabu kwenye kikapu, si mkoba wa kuvutia macho, na wiki za kwanza utoke dukani ukamchukue, hata kama wateja watanung'unika. Wamaitha mwandikie wewe mwenyewe, ukweli wote, asije akausikia kwa Zacchaeus.

Na jioni hiyo hiyo mwendee Mama Adero. Chukua sukari kilo mbili, na usiziandike popote. Mwambie asante ya mwaka wa 1969. Imechelewa, lakini mama huyo hajaacha kuja.

Haya yote nilikuandikia tarehe tisa, kwa sanduku lako la posta, ulivyoomba. Nilikuomba unijibu kwa mstari mmoja tu kwamba barua umempa. Siku kumi zimepita na sijapata neno. Nimekaa nikijiuliza kama ni uchovu au ni lile sanduku la ratili limepata barua ya pili. Jina lako sikulichapa, ahadi nimeitimiza. Ila lile jibu la kwanza lilipitia kwenye ufunguo wako, na hili nimelichapa gazetini, linakuja Kisumu kwa treni, ndani ya kifurushi, na umeniambia mwenyewe ni nani anayekata kamba.

Basi sasa nazungumza naye.

Binti yangu, kama baba amekwisha kukuambia, mpe chai, amekuwa na miezi mibaya. Kama bado, weka gazeti chini. Hakuna aliyekukataa. Chini ya kaunta kuna sanduku la mawe ya zamani. Inua lile jiwe kubwa. Barua ni yako, na una mpaka tarehe thelathini.

Mama Jentrix