Tangazo la Baba Otieno

Jumapili, Novemba 1999

Kurasa za kwanza nilizotengenezea kwaya na mafundi wa Makadara kwenye intaneti hazinisumbui. Ukurasa wa tangazo la kifo cha Baba Otieno ndio unaninyima usingizi.

Leo mjane wake alinisubiri nje ya kanisa, hapa Mowlem. Mwanawe Otieno, aliye Amerika, huufungua ukurasa huo kila jioni na kulia.

"Mwaka wa pili huu, bado unasema atazikwa Jumamosi. Mwalimu, si ulituambia ni kama ubao wa matangazo? Basi bandua!"

Nikamweleza kwamba nimesahau neno la siri, na wenye mitambo inayohifadhi kurasa hizo huko ng'ambo hawanijibu.

"Kwa hivyo kwa Otieno, babake hatazikwa?"

Nimezoea kueleza mambo. Leo nilimsindikiza tu hadi kwake.