Gari Yetu Ikisimama Inazima

Jumatatu, 4 Julai 1960

Shoga yangu Radhiya keshahamia Unguja kwa mwanawe. Sasa umbea wangu nampa nani? Basi nautia humu. Daftari halijibu, lakini halendi kusema kwa watu. Hapo limempita Radhiya!

Habari ya leo ni gari. Gari ya Thabit, mume wangu. Ikienda, inakwenda. Ikisimama — tu! — inazima. Asubuhi kapakia watu na ndizi zao, kafika pale njia panda kapunguza mwendo ng'ombe apite, ikazima. Watu wakashuka wakasukuma. Ng'ombe mwenyewe akasimama kutazama. Yote haya kanambia Kazija wa nyumba ya pili, kafika kwangu mbio kabla ya Thabit. Alikuwa hata hajavaa viatu.

Nacheka, lakini roho haicheki. Mwanangu Ghania yuko hapa tangu mwezi uliopita, kaja kuzalia kwao. Mumewe Nasor yuko Tanga kwa kazi. Hii mimba ya pili. Ya kwanza uchungu ulimshika humu humu ndani, gari ya abiria ilishaondoka, tukangoja nyengine. Mtoto kafia tumboni hatujafika hata nusu ya njia. Daktari wa hospitali ya Chake mjini kasema mara hii uchungu ukianza tu mleteni mbio, msikae kungoja. Mbio na nini? Na gari hii hii. Chake hatuna jamaa wa kumweka.

Jumanne, 5 Julai

Kaja Ame, fundi wa baiskeli. Gari haijui, ila spana anazo. Kafungua boneti, kakohoa kama daktari, kasema petroli ina maji. Thabit kasema petroli tunanunua pamoja na wenzangu, mbona zao hazizimi? Ame kamjibu, "Basi Mzee Thabit, maji yamekupenda weye."

Wakaimwaga petroli yote kwenye karai wakaichuja kwa kanga yangu. Kanga mpya! Sasa nikiivaa mtu asiwashe kibiriti karibu yangu. Wakairudisha, wakapiga hendeli, chuma cha kuizungushia mashine — betri ilishakufa siku nyingi. Ikawaka. Ikatetemeka kama mtu wa homa. Thabit katoa mguu — tu! Kimya.

Na jambo jengine. Chupa yangu ya mafuta ya nazi haipo! Ile kubwa, nilokamua mwenyewe, nilomwekea Ghania na mtoto. Aliyeingia jikoni kwangu ni mmoja tu, Bi Mwanapili, mkunga wetu, alokuja kumkanda Ghania. Mimi sisemi kitu. Nimemwambia Kazija tu.

Jumatano, 6 Julai

Kumbe Kazija kasema! Kisimani wote wanajua. Na nilimwambia asimwambie mtu.

Alhamisi, 7 Julai

Thabit kenda Chake na gari hivyo hivyo, njia nzima mguu juu ya petroli, hata kwenye kona. Kenda kwa fundi mkubwa. Fundi katoka, kaitazama, kaona kile kibendera cha chama chetu kwenye kioo. Kasema, kitoe hicho kwanza, ndio nitafungua boneti. Thabit kasema gari yangu naife na bendera yake. Karudi.

Siasa hizi! Watu hawazikani, hawaozani, sasa hata kabureta ina chama. Mie nikacheka, na Thabit mwenyewe kacheka, kajiona kidume. Ghania alikuwa kakaa kwenye mkeka kashika tumbo. Hakucheka. Kasema, "Mama, baba keshachagua."

Nikajidai napuliza moto jikoni. Hata moto haukuwapo.

Jumamosi, 9 Julai

Bi Khairiya, shangazi yake Thabit, kaja na chetezo. Kasema gari ina hasadi, watu wameitia jicho tangu ilipokuja. Anataka kuifukiza ubani ndani ya boneti. Thabit karuka kama kaumwa na tandu! "Shangazi, humo mna petroli! Utatufukiza sote!" Basi akafukiza kwa mbali, anaupepea moshi kwa pepeo la ukili. Moshi wote ukamwendea mbuzi.

Haikufaa kitu. Ila nimeiona moja. Asubuhi na baridi hii ya kipupwe inazima, huishiki. Jua likipanda, adhuhuri hivi, inapata nafuu, inasimama kidogo inanguruma peke yake. Jioni tena hivyo hivyo, ndwele. Nimemwambia Thabit. Kasema wanawake wasiingilie mashine.

Bi Mwanapili kapita njiani. Nikamwamkia. "Shikamoo, Bi Mwanapili!" Kajibu kwa kuufungua mwavuli. Na mvua hakuna.

Jumatatu, 11 Julai

Leo nimecheka na leo nimelia.

Asubuhi, baridi imeingia mpaka kwenye mifupa. Thabit anafungua lile kopo la pumzi. Liko juu ya mashine, hewa hupitia humo kwanza, na ndani hutiwa mafuta ya mashine kidogo yashike vumbi. Kanambia, Moza, njoo nishikie. Nikashika. Nikachungulia. Meupe! Yameganda kama samli. Nikatia kidole. Nikanusa.

Nazi!

"Thabit, mafuta gani haya?"

Kajifuta mikono. Halafu kasema mafuta ya mashine yalikwisha, duka lilifungwa, mafuta si mafuta? Kachukua yalokuwapo jikoni.

Jamani! Mtu kazaliwa Pemba, kala wali wa nazi maisha yake yote, kapakwa mafuta ya nazi tangu siku aliyotoka tumboni, hajui kuwa kipupwe yanaganda! Kumbe kila asubuhi gari imezibwa pua. Jua likipanda yanayeyuka, inapumua. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Na Thabit kacheka. Ghania katoka ndani kuuliza kuna nini, nikamwonesha, naye kacheka. Mara ya kwanza tangu aje. Kacheka huku kashika tumbo, anasema, "Msinichekeshe, nitazaa hapa hapa!"

Halafu nikakumbuka chupa. Nikamkumbuka Bi Mwanapili.

Mkunga huyu ndiye alonizalisha Ghania. Ndiye alonishika mkono ile siku tulipomrudisha mtoto kazungushwa kitambaa. Nami nimemwita mwizi kijiji kizima. Nitamwendea nimwambie nini? Kesho nitakwenda. Kesho.

Jumatano, 13 Julai

Sijenda kwa Bi Mwanapili. Mguu unaniuma.

Gari jana ilikuwa nzuri! Thabit kaosha kopo, katia mafuta ya mashine, ikasimama uwanjani inanguruma taratibu kama paka. Tukaizunguka. Bi Khairiya kasema ni ubani wake.

Leo Thabit hakutulia. Kasema yale mafuta ya nazi yamevutwa mpaka ndani ya kabureta, lazima aioshe. Nikamwambia iache, imepona, usimpasue mgonjwa aliyepona. Hakusikia. Kafungua. Kaosha kweli, uchafu umetoka mweupe. Lakini ile karatasi nene inayokaa katikati ya kabureta na mashine ilikuwa kuukuu, ikachanika vipande vipande mkononi mwake. Kukaa tena haikai. Sasa hewa inaingia ubavuni, inapiga mluzi — sssss — na gari ni mbaya kuliko mwanzo. Sasa haina asubuhi wala adhuhuri. Ukitoa mguu tu inazima.

Karatasi hiyo Pemba haipo. Kaagizia Unguja.

Jumatano hiyo hiyo, jioni. Kakata nyengine kwa boksi la biskuti. Imeloa, imelegea.

Ijumaa, 15 Julai

Katia ulimbo wa fenesi! Kaupaka pande zote kama mwashi. Mashine ilipokuwa baridi mluzi ukanyamaza, tukasema alhamdulillahi. Ilipopata moto ulimbo ukayeyuka, ukamwagika, ukatoa harufu nyumba nzima. Nzi wote wa kijiji hiki cha Kengeja wako kwetu.

Thabit keshachoka. Naona mabega yake. Kasema dawa ni moja, mguu usitoke kwenye petroli, basi. Kasema siku ikifika yeye ataingia ndani kumbeba Ghania, mtu lazima awe humo garini kukanyaga. Kanifundisha mimi. Nimekaa kwenye gari ya mume wangu kama bwana mkubwa! Kazija kaja na watoto kutazama. "Moza, nifikishe Mkoani!" Nikamwambia panda, ila breki siijui.

Ukikanyaga sana inapiga kelele hadi meno yanatikisika. Ukipunguza inataka kufa. Kuna pahala katikati padogo, upana wa ukucha. Hapo ndipo inaishi.

Nimempelekea Bi Mwanapili vitumbua. Sahani imerudi. Vitumbua vyote vimo, na kawa langu juu yake vile vile nilivyolifunika.

Jumapili, 17 Julai

Karatasi ya Unguja haijaja. Ghania kaniuliza, Mama, ile siku, kama gari ingekuwapo, mwanangu angekuwa hai? Nikazichukua nguo za mtoto, nikazikunja upya.

Jumanne, 19 Julai, asubuhi

Naandika garini. Mguu una kazi, mkono hauna. Nisipoandika nitapiga kelele. Daftari nilikuwa nimelifunga pamoja na nguo za mtoto, bunda lote liko hapa mapajani.

Uchungu umeanza kabla ya adhana ya alfajiri. Thabit kapiga hendeli mpaka mikono imechubuka. Haiwaki. Kajaribu tena. Haiwaki. Ghania ndani analia kidogo kidogo, anaona haya. Gari ya abiria ikapita barabarani, Thabit kaikimbilia, kapunga mikono — imejaa, haikusimama. Karudi kwenye hendeli. Kulipokucha ndio ikawaka. Kaniita, "Moza! Kanyaga! Usitoe mguu hata nikikwambia toa!" Kaingia ndani kumchukua.

Yeye na Kazija wakamtoa mpaka mlangoni. Akaanguka magoti. Wakamrudisha.

Thabit kamtuma Kazija kwa Bi Mwanapili. Nikasema moyoni haji. Kaja. Kapita mbele ya gari, kasimama kwenye kioo hapa, kanitazama machoni, kanyanyua chupa ya mafuta juu nione. Kaja na yake mwenyewe. Kaingia.

Baadaye Kazija katoka mbio kunambia dirishani. Bi Mwanapili kasema, "Asinyanyuliwe. Ntoto katanguliza nkono. Nkimtia garini na mitikisiko ile, nawazika wawili." Nikasema sasa mimi nafanya nini hapa? Kazija kasema Mzee Thabit kasema usizime, mtoto akigeuka tu tunaondoka. Karudi ndani.

Basi nakanyaga.

Mguu ushakufa ganzi, sijui kama nimekanyaga au sikukanyaga, najua kwa sauti tu. Mluzi ule ubavuni, ssss. Mshale wa petroli umeshuka. Petroli ilikuwa ya kufika Chake. Imeliwa hapa uwanjani, hatujasogea hata hatua. Ikizidi kushuka hata wakimtoa hatufiki. Nikizima ili petroli ibaki, gari haitawaka tena. Nimefikiri hivi, nimefikiri vile. Kote ukuta.

Nilifikiri pia kuhusu chupa. Nilikuwa na chupa moja ya mafuta ya nazi. Ningeificha mvunguni tu, Thabit asingeiona.

Kazija hajatoka tena. Kazija! Mtu asiyeweza kukaa na neno mdomoni hata kidogo. Mlango umefungwa.

Sisikii kitu. Gari inanguruma, dirisha linatetemeka, hata mtoto akilia hapa sitamsikia. Wala Ghania. Kutaka kusikia lazima nitoe mguu, na nikitoa mguu imekufa. Najaribu kupunguza kidogo, kidogo tu, nitege sikio — inakohoa, inataka kwenda — nakanyaga tena.

Mlango umefunguliwa. Ni Thabit. Mikono mitupu. Anakuja huku.

Hakimbii.

Kasimama mbele ya boneti, kaweka mkono juu yake kama anampoza mnyama. Mdomo unakwenda. Anasema kitu. Anasema tena, na anafanya ishara kwa mkono, shusha, shusha.

Alisema nisitoe hata akinambia toa. Mie simsikii, nikitoa ndio nitasikia. Mguu sitoi.